Mbegu ni ya kwanza kutoka

Ndugu walimaji, kila mwezi wa saba tunaonaka jambo moja: maharagi yanatoka shambani, gunia zote zinauzwa wakati bei iko chini. Mwezi wa tisa, mutu ule ule anatafuta mbegu sokoni kwa bei ya juu, tena kwa deni.

Wengine wanasema: Mungu atatoa. Mimi naona alishatoa: ni yale maharagi. Yosefu kule Misri aliweka sehemu moja kwa tano ya mavuno, miaka 7 ya shibe, juu ya miaka 7 ya njaa. Imani yake ilikuwa na hesabu.

Basi, mbele ya kuvuna, baba na mama wakae pamoja, waandike lengo. Robo ya hekta inaomba karibu kilo 20 za mbegu. Zitoke kwanza, zikauke muzuri, zifungwe ndani ya bidoni hata wadudu wakose hewa. Kinachobaki kigawanywe: chakula, minervali, likelemba, sadaka.

Najua kuna wachungaji watakaosema sadaka inatangulia. Ninawaheshimu. Lakini mwenye hakupanda, mwaka kesho ataleta nini kanisani?