Shahidi, saa ile kulikuwa na umeme?

Vijana wenzetu wa Kasongo na Kabambare, na ninyi mlioko Kindu, Bukavu ao Goma mnaotusoma usiku wakati megabaiti ni bei ya chini,

Wiki hii hatuandiki juu ya barabara. Barabara iko vile vile, mnaijua. Tunaandika juu ya mchezo wa video, na najua tayari wakubwa watasema nini: ona hawa, wamesoma mpaka lisansi, kazi hakuna, sasa wamegeuka watoto wa kucheza. Ni kweli. Niko na lisansi ya sheria, niko na miaka 26, kazi sina. Muda ndio mali pekee niliyo nayo kwa wingi. Lakini msome kwanza mpaka mwisho, kisha mtukane.

Mchezo unaitwa Ace Attorney. Rafiki yangu alirudi toka Bukavu na kompyuta ya zamani, ndani kulikuwa michezo mitatu ya kwanza, kwa Kifaransa. (Sitaapa kama ilinunuliwa.) Nilifikiri ni mambo ya kupigana risasi ao mpira. Kumbe ni hadithi. Unasoma, unasoma, unasoma. Wewe ni avoka kijana, Phoenix Wright, hujui kitu, jasho linakutoka mbele ya jaji, na mteja wako ameshikwa kwa kosa la kuua. Kazi yako ni kusikiliza shahidi, sentensi kwa sentensi, na kutafuta mahali ambapo maneno yake hayalingani na kitu kilicho mkononi mwako: picha, ripoti ya daktari, kikaratasi. Unaweza kumbana shahidi aeleze zaidi. Ukipata uongo, unaonyesha kitu chenyewe na kupiga kelele: pingamizi! Ukionyesha kitu kisichohusika, jaji anakukatia alama. Alama zikiisha, mteja wako amekwisha.

Kesi ya kwanza kabisa ndiyo iliyonishika. Shahidi anasema alikuta maiti saa saba ya mchana. Ripoti ya daktari inasema yule dada alikufa kuanzia saa kumi. Aulizwe saa aliijuaje, anajibu: niliisikia kwenye televizheni. Na wewe uko na karatasi inayoonyesha kwamba mchana ule, katika jumba lile, umeme ulikuwa umekatika.

Bandugu, tulikuwa watu sita mbele ya kompyuta ile, kwenye parseli ya rafiki, umeme wetu ukiwa ni pano moja ya jua na betri ya pikipiki. Tulicheka mpaka mama wa nyumba akatoka kuuliza nani amekufa. Mtu wa Japani alitunga kesi inayovunjika kwa sababu umeme umekatika! Hii kesi mtoto yeyote wa Kasongo angeishinda akiwa na usingizi. Sisi kila siku tunajua saa ngapi umeme upo na saa ngapi haupo, kuliko tunavyojua tarehe.

Toka siku ile nikawa mgonjwa wa mchezo huu. Wiki tatu, michezo mitatu. Nilikuwa nalipa kusharje kompyuta kwa jirani mwenye jenereta, mama yangu akidhani naandika barua za kuomba kazi. Nimejifunza kwamba aliyeutunga ni Takumi Shu, wa kampuni ya Capcom, na kwamba wa kwanza ulitoka Japani mwaka 2001 kwa mashine ndogo ya mkononi, Game Boy Advance, ukiwa umefanywa na watu saba tu. Watu saba! Hata jina la yule avoka kwa Kijapani linatokana na neno wanalosema mtu akielewa jambo ghafula, kama sisi tunavyosema «ahaa, kumbe».

Sasa sikilizeni kisa chenyewe, kwa sababu bila kisa hiki nisingeandika.

Msimu wa mvua uliopita, mtoto wa shangazi yangu, ambaye ni motari, alishikwa. Duka moja limeibiwa betri kubwa ya pano, ile inayowasha taa za duka na friji ya vinywaji. Mlinzi alisema amemwona. Wakamweka kashoti. Ni kashoti gani, ya wapi, sitasema. Ziko nyingi na zinafanana. Siku ya pili nilikwenda na shangazi kupeleka chakula. OPJ alikuwa mtu mpole, si mbaya, alituacha tusikilize PV ikisomwa. Mlinzi alikuwa amesema hivi: saa mbili usiku, mvua ikinyesha, alimwona kijana yule akitoka na betri begani, na alimtambua vizuri uso kwa mwanga wa taa ya duka.

Sikia tena. Akitoka na betri begani. Kwa mwanga wa taa ya duka.

Moyo ulinipiga kama vile nimeshika kompyuta mkononi. Nikasema: «Shefu, samahani, naomba kuuliza. Taa ya duka iliwaka na betri gani?»

Akanitazama. «Weye ni avoka?»

«Hapana, shefu.»

«Basi tuache tufanye kazi.»

Lakini kesho yake alimwita mlinzi tena, hiyo ni lazima niseme kwa haki yake. Mlinzi akabadilisha: haikuwa taa, ilikuwa mwezi. Na mvua je? Akanyamaza. Wakati huo shangazi alikuwa amepata, kwenye mfuko wa suruali ya kijana, jeto ya barieri ya njia ya Kabambare, yenye tarehe ya siku ile ile. Jeto haikuwa na saa, kwa hiyo peke yake haikutosha. Ila iliingia kwenye dosie.

Alitoka siku ya sita. Katika mchezo, ukishinda, vikaratasi vya rangi vinaanguka toka juu na watu wote wanashangilia. Siku ile hakuna aliyetupa kikaratasi. Shangazi alilipa pesa ya «karatasi na kalamu», bila risiti, pesa ambayo ilikuwa ya shule ya mdogo wake. Na siku sita si saa 48. Kifungu cha 18 cha Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 kinasema mtu akishikwa na polisi hapiti saa 48 bila kufikishwa mbele ya mamlaka ya sheria yenye haki juu ya kesi yake. Nilikifahamu kifungu hicho kwa moyo toka mwaka wa kwanza, nilipata nacho alama nzuri kwenye mtihani. Siku ile mdomo wangu uliuliza juu ya taa, haukuuliza juu ya saa 48. Mpaka leo jambo hilo linaniuma. Ujasiri wa kuuliza niliupata kwenye mchezo, si kwenye lisansi.

Na bado mchezo wenyewe naupenda huku nikiulaumu. Angalieni: Phoenix Wright hashindi kwa kuonyesha kwamba ushahidi dhidi ya mteja wake ni dhaifu. Karibu kila mara lazima amtafute mwenye kuua kweli, amwangushe hapo hapo mbele ya jaji, na kesi isipite siku tatu. Asipompata mwingine, mteja wake ni muuaji. Hiyo si sheria, ni kinyume cha sheria! Kifungu chetu cha 17 kinasema mshitakiwa ni mtu asiye na kosa mpaka hukumu ya mwisho. Lakini jiulizeni, kwetu mambo yanakwenda namna gani? Mara ngapi tumesikia: «Kama si wewe, basi utuonyeshe nani»? OPJ alimwambia motari wetu maneno hayo hayo, na betri mpaka leo haijulikani iko wapi. Kwa mchezo ule angebaki ndani.

Inaonekana mtungaji alijua anafanya nini. Japani, kesi ya jinai ikifika mbele ya jaji, zaidi ya 99 kwa 100 zinaisha kwa hukumu ya kosa. Mtu anayetunga hadithi ya kucheka juu ya avoka asiye na nafasi, katika nchi ya namna ile, hatungi tu kwa kucheka. Mchezo wa nne, wa mwaka 2007, ukaleta raia wa kawaida waamue kesi. Na mwezi wa Mei 2009 Japani yenyewe ikaanza kuweka raia kukaa pamoja na majaji kwenye kesi kubwa. Sisemi mchezo ulileta sheria, sheria ilikuwa imekwisha kupigiwa kura 2004. Ila vijana wa kule walikuwa wamekwisha kuzoea wazo hilo vidoleni mwao.

Kuna wanaosema maneno ya mashahidi hapa kwetu hayana kazi, kila kitu ni pesa. Wavuke Kabambare waingie Fizi, wafike Baraka. Februari 2011 korti ya kijeshi ilisafiri mpaka pale, wanawake wakasimama wakasema waliyotendewa usiku wa mwaka mpya, na liteni-kolonei akapewa miaka 20. Hawakuwa na mashine wala picha. Walikuwa na saa, mahali, na nani alisema nini. Waliulizwa, wakajibu, maneno yakasimama.

Neno dogo juu ya wale wanaouliza: na mchezo wa kwetu? Lual Mayen, mtoto wa Sudani Kusini aliyekulia kambini Uganda, mama yake aliweka pesa miaka mitatu kumnunulia kompyuta, naye akajifunza peke yake na kutunga mchezo wa amani, Salaam. Kwa hiyo inawezekana. Mimi kazi ya kuandika programu siiwezi, lakini kesi za kutunga niko nazo za kutosha, zimejaa humu mjini.

Jumamosi hii tunaanza mchezo wa pili, parseli ile ile, kuanzia saa tisa mpaka betri ife. Kila mtu aje na kikombe chake. Kabla ya kuwasha, nusu saa tutasoma kifungu cha 17, 18 na 19 kwa Kiswahili, na kila mmoja atajizoeza kusema kwa sauti, kwa heshima, bila kutetemeka: «Shefu, alishikwa saa ngapi?» Dada zetu, mara ya mwisho mlikuwa wawili tu, na ni ninyi mliomshika shahidi kabla yetu sisi wote. Leteni wengine.