Boksi la Nani?

Mpwa wangu ana studio ndogo Sakina, chumba kimoja chenye mablanketi na trei za mayai ukutani. Mwaka jana aliniita nimpigie gitaa la rithimu katika wimbo wa kwaya. Nilifika na gitaa langu mkononi, nikatafuta amplifaya kwa macho, sikuiona.

"Mjomba, chomeka hapa tu," akaniambia, akinionyesha kidude kisichozidi kipande cha sabuni, kilichoungwa kwenye kompyuta. Kisha akafungua orodha ndefu ya maboksi ya spika. "Haya, chagua boksi."

Nikachagua. Niseme ukweli kabla sijaanza kugomba: sauti ilikuwa nzuri. Lakini niliisoma orodha ile toka juu hadi chini. Marshall ya Uingereza, Vox ya Uingereza, Fender ya Marekani. Nikamwuliza, "Na letu liko wapi?"

Akacheka. "Letu lipi, mjomba?"

Kicheko kile ndicho kilichonikalisha niandike.

Msomaji asiyepiga gitaa huenda akashangaa ugomvi huu ni wa nini. Gitaa la umeme halijawa gitaa mpaka lipite kwenye spika yake. Spika ya gitaa, ile ya inchi 12, si spika ya kusikilizia redio. Ikifika mitetemo kama 5,000 kwa sekunde huanza kushuka kwa kasi, na yale makali yanayokereketa sikio hayapiti. Amplifaya ikikoromeshwa, kisha ukairekodi bila spika, gitaa hulia kama nyuki ndani ya chupa. Kuna na mbao: boksi lililofungwa nyuma huvuma kivyake, na lililoachwa wazi huvuma kivyake. Hata maikrofoni ina neno lake. Ielekeze katikati ya koni, sauti ni kali. Isogeze sentimita chache kuelekea ukingoni, inalainika.

Programu huyafanya hayo yote kwa hesabu. Fundi hupitisha kwenye boksi mlio unaopanda kutoka mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde, anaurekodi kwa maikrofoni, na kompyuta inalinganisha kilichoingia na kilichotoka. Tofauti ya viwili hivyo ndiyo tabia ya boksi. Huhifadhiwa katika faili fupi, chini ya sekunde moja, na gitaa lolote likipitishwa humo hutoka kana kwamba lilipigwa mbele ya boksi lile. Hakuna uchawi hapo. Ni kama kumpiga mtu picha, na anayeonekana kwenye picha ni yule aliyesimama mbele ya kamera.

Basi tusiwalaumu Waingereza. Wao wamepiga picha maboksi yao. Sisi yetu tumeyafanya nini? Tumeyapasua kuni, tumeyafanya mabanda ya kuku, kisha tunakaa mbele ya kompyuta tukitafuta sauti "halisi". Halisi ya wapi?

Mji huu una kawaida hiyo tangu zamani. Mwaka 1970 Wilson Peter Kinyonga na ndugu yake George, waliotoka Tanga ambako walipigia Jamhuri Jazz, walikuja hapa wakaanzisha Arusha Jazz. Mwaka 1971 walikwisha kwenda Kenya, na huko ndiko ilikozaliwa Simba Wanyika. Sisi tuliobaki chini ya Mlima Meru tukawa wanunuzi wa sahani za vijana tuliokuwa nao mtaani. Sijui kosa la mtu mmoja katika hilo; walifuata kazi. Lakini mara ya kwanza iliondoka bendi, na sasa tunaiacha iondoke sauti yenyewe, na safari hii hakuna anayetulazimisha.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema maboksi yetu yalikuwa duni. Ni kweli. La kwangu, nililopigia Kaloleni katikati ya miaka ya 1980, lilitengenezwa na seremala wa Ngarenaro kwa plaiwudi, na spika yake moja ilikuwa kuukuu tangu siku ya kwanza. Lakini muziki wa dansi hauna gitaa moja. Kuna solo, kuna rithimu, kuna besi, na kila moja lazima lipate pa kukaa. Boksi langu halikuwa na uzito wa chini, kwa hiyo besi ilipita bila kukanyagwa. Katika wimbo ule wa kwaya, mpwa wangu alimaliza saa mbili akipunguza mvumo wa boksi la Uingereza ili besi isikike. Alikuwa analikarabati duni kwa mkono, bila kujua.

Wa pili atasema faili haliwezi kubeba kila kitu. Hilo nalo ni kweli. Hesabu ile hudhani boksi lina tabia ileile likipigwa polepole au kwa nguvu, na koni ya karatasi haiko hivyo. Ikisukumwa sana hutetemeka, hubana, huchanika sauti. Lakini kasoro hiyo imo pia katika mafaili ya Marshall, na hatujayakataa kwa sababu hiyo. Kwa nini ukamilifu tuudai kwetu peke yetu?

Jumamosi moja tulipanda mimi na mpwa wangu mpaka Ngaramtoni, kwenye stoo ya marehemu mama. Boksi lilikuwa chini ya magunia ya maharage. Panya walikuwa wamezaa ndani, mchwa wamekula kona moja, na koni ilikuwa na tundu la kupita kidole. Tuliliziba kwa karatasi na gundi, tukasubiri likauke, tukapitisha mlio. Kazi yote haikufika saa moja, kwa maikrofoni moja ya kukopa.

Likisikilizwa peke yake, faili letu ni la kusikitisha: linatoka puani. Tukaliweka kwenye ule wimbo wa kwaya mahali pa lile la Uingereza. Mpwa wangu hakugusa kitu kwa muda. Halafu akasema, "Mjomba, kumbe lilikuwa na mahali pake." Sikumjibu. Nilikuwa nawaza maboksi mengine matatu ya bendi yetu, ambayo kwa mkono wangu mwenyewe niliyatoa yapasuliwe, kwa sababu yalijaza nafasi.

Kwa hiyo simgombezi mtu mmoja tu. Najigombeza na mimi. Mwenye boksi la zamani Usa River, Tengeru, Kijenge au popote, liwe la bendi au la kanisa, asilipeleke jikoni kabla ya kutuita. Tutakuja na maikrofoni yetu ya kukopa. Lisaa halifiki, na boksi utabaki nalo.