Boti Kuukuu ya Faiba Ifunguliwe Sakafu Kabla ya Kupakwa Rangi

Boti ya faiba haiozi. Kauli hiyo huvutia wanunuzi wengi wa boti kuukuu kando ya Ziwa Viktoria, na nusu yake ni kweli. Nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini haziliwi na mchwa wala haziozi. Lakini chini ya sakafu ya boti nyingi za aina hii mna plaiwudi, boriti za mbao zinazotoka omo hadi tezi na, mara nyingi, povu la kuisaidia boti kuelea. Humo ndimo uozo unamojificha.

Maji hupenya kupitia matundu ya skrubu za viti na nyufa za maungio. Povu huyafyonza, boti ikazidi uzito, ikazama zaidi majini na kula petroli nyingi. Ubao wa tezi unaobeba injini nao hulainika polepole. Kwa nje, rangi mpya ya buluu inang'aa, na abiria wanapanda bila wasiwasi.

Ndiyo maana ukarabati wa juujuu ni hatari kuliko kutokarabati kabisa. Boti iliyochakaa humtia mtu shaka. Iliyopakwa rangi humwondolea shaka hiyo, na kwa wapandao boti Dunga, ufuo ulio katika wadi ya Nyalenda B jijini Kisumu, shaka hiyo ina faida.

Kazi hii inaweza kufanywa nyumbani, hata katika ua mwembamba wa Nyalenda, mradi ianzie mahali panapostahili. Kwanza boti ilazwe juu ya vigogo vinavyoibeba sawasawa, kwa sababu ganda lililoondolewa boriti hupinda, na likishagandishwa likiwa limepinda halinyooki tena. Kisha sakafu ikatwe kwa grainda, ikiachwa ukingo mdogo wa kushikia sakafu mpya. Povu lililolowa litolewe lote. Boriti zibadilishwe moja baada ya nyingine, si zote kwa mara moja. Ganda ligongwegongwe kwa mpini wa bisibisi: palipo pazima hulia kwa ukali, palipoachana hutoa sauti ya bubu.

Tundu la ganda halizibwi kama kiraka cha suruali. Kingo zake huchongwa kwa mteremko wa takriban mara 12 ya unene wa ganda, ili tabaka mpya zishike eneo pana. Ganda la milimita 5 linahitaji mteremko wa sentimita 6 kila upande. Mafundi wenye haraka huchonga sentimita moja, wakaweka mkeka wa faiba, na kiraka kikabanduka kwa mawimbi ya msimu wa kwanza.

Joto la Kisumu nalo lina lake. Resini ya poliesta huchanganywa na kigandisho cha asilimia 1 hadi 2, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo. Mchana wa jua kali, mchanganyiko huo unaweza kuganda kabla brashi haijamaliza kazi. Fundi mzuri huchanganya kidogo kidogo, asubuhi, kwa mizani badala ya kukisia kwa kizibo cha chupa. Plaiwudi mpya huloweshwa resini pande zote, hasa kingo, upande wa chini na kila tundu la skrubu.

Hapa wapenda kazi za nyumbani wasikilizwe kwa makini, kisha waulizwe: na watoto wa jirani je? Mvuke wa resini hiyo una stairini, ambayo mwaka 2018 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani waliiweka katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Tone la kigandisho likiingia jichoni laweza kupofusha. Kigandisho kikikutana moja kwa moja na kichapuzi cha kobalti, hulipuka. Barakoa ya kitambaa iliyobaki tangu enzi za Korona haizuii mvuke huo hata kidogo.

Hata hivyo, kuitupa boti si jibu. Mbao ngumu kama mvule zimekuwa adimu na ghali, na ganda la faiba lililotelekezwa ufuoni hukaa miaka na miaka. Likichomwa hutoa moshi wa sumu. Ufaransa imekuwa ikiwatoza watengenezaji wa boti tangu 2019 ili kugharimia uvunjaji wa boti zilizokwisha. Kenya ilipitisha sheria ya usimamizi endelevu wa taka mwaka 2022, inayotaka wazalishaji wawajibikie bidhaa zao. Lakini boti ya miaka mingi iliyopitia mikono mitano, nani atamtafuta aliyeiunda?

Serikali ya Kaunti ya Kisumu ijenge banda moja la wazi, lenye paa, karibu na Dunga. Liwe na mizani, miwani na barakoa zenye vichujio vya mvuke, na Kisumu National Polytechnic itume walimu wake humo. Mamlaka ya kusimamia vyombo vya majini, KMA, nayo ikague kila boti iliyofumuliwa kabla sakafu haijafungwa, kwa kuwa baada ya hapo hakuna jicho litakaloona kilicho chini yake.