Kupimwa bila kuvuliwa nguo

Kila tukienda Satwa kushona, mama hakubali fundi ampime. Hutoa gauni lake la zamani kwenye mfuko na kusema, "Fuata hili." Fundi ashazoea. Mimi hucheka tu, ila mwezi uliopita nilimuuliza kama ameshawahi kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Ana miaka 59, kazaa wanne.

"Nikavue mbele ya nani?"

Na msiseme ni ushamba wa wazee. Mimi na digrii zangu nimeahirisha miaka mitatu, kisa kile chuma cha daktari na kule kulala miguu juu.

Basi, kuna njia ya kujichukulia sampuli mwenyewe. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na kirusi kiitwacho HPV, na kirusi hicho huonekana hata kwenye majimaji ya ukeni. Unakiingiza kijiti laini chenye pamba, unakizungusha kidogo, unakitia kwenye kichupa, kwisha. Si lazima kifike kwenye mlango wenyewe. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake 2021 lilikubali njia hii, kuanzia miaka 30, au 25 kwa wanaoishi na VVU. Australia, tangu Julai 2022, kila mwanamke anayefaa kupimwa anaweza kuichagua. Huku kwetu uliza kwanza kama maabara inapokea sampuli ya kujichukulia, manake si vipimo vyote vinafaa. Kile cha kuangalia seli, kwa mfano, bado kinataka daktari.

Nilidhani nimeshamaliza kazi. Mama akanyamaza, halafu: "Hicho kirusi kinaambukizwa vipi?"

Nikamwambia. Kwa kujamiiana.

"Kwa hiyo nikionekana nacho, nimlaumu babako, Mungu amrehemu?"

Hilo sikulitegemea kabisa. Nilimjibu ninavyojua: watu wengi waliowahi kujamiiana hukipata wakati fulani, mara nyingi mwili unakiondoa wenyewe, na kinaweza kukaa miaka mingi bila dalili. Haiwezekani kusema kilitoka wapi wala lini. Aliyeolewa mara moja tu anaweza kuwa nacho. Na kuwa nacho si kuwa na saratani. Ila hapo ndipo daktari anapohitajika, chuma na yote. Hilo sikumficha.

"Na umri wangu je? Si ushapita?"

Haujapita. Anayeacha baada ya 50 ni yule aliyekuwa akipimwa na majibu yake safi. Yeye hajapimwa hata mara moja.

Tulikwenda Jumanne, mimi na yeye, kila mtu na kichupa chake. Kabla hajapokea cha kwake alimuuliza muuguzi swali moja tu: mlango wa choo una komeo?

Ulikuwa nalo. Majibu bado tunayasubiri.