Magitaa Yetu Hayajafa

Jambo ninalotaka kulieleza katika kurasa hizi ni dogo kwa umbo. Ni kile kipande cha chuma ambapo nyuzi za gitaa la umeme huishia, upande wa mkono wa kulia wa mpigaji. Wapigaji hukiita briji. Nimeonelea niliandike kwa sababu muhula huu imetolewa rai kwamba wazazi waombwe mchango wa kununulia bendi ya shule magitaa matatu mapya, ati haya tuliyo nayo yamezeeka na sauti yake imeharibika. Mimi sikubaliani na rai hiyo. Magitaa yetu hayajafa. Zilizokufa ni briji zake, nazo zaweza kutengenezwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya gitaa jipya.

Kwanza tuangalie mahali tulipo. Mbezi Beach ni pwani, na upepo, uwe wa kusi au wa kaskazi, hutuletea chumvi mpaka madarasani. Kila mzazi mwenye nyumba kati ya barabara ya Bagamoyo na bahari ajua jinsi misumari ya bati, nondo za madirisha na bawaba za milango zinavyoliwa. Briji ya gitaa la bei nafuu haina tofauti kubwa na bawaba hiyo. Aghalabu bonge lake hutengenezwa kwa zinki iliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, likapakwa utando wa kung'aa, na skrubu zake ni za chuma cha kawaida. Jasho la kiganja nalo ni chumvi. Utando ukichubuka, kutu huingia, skrubu hukwama, na uzi hukatika palepale pa siku zote. Tukileta leo gitaa jipya la namna ileile, likakaa katika chumba kilekile, baada ya miaka michache tutalikuta katika hali ileile. Je, wazazi watachanga tena?

Labda msomaji atauliza kipande hicho chahusiana vipi na sauti. Juu ya briji pana vipande vidogo sita, kila uzi una chake cha kulalia. Hapa nitaviita vilalio. Uzi wa tano ukipigwa wazi hutetemeka mara 110 kwa sekunde. Ukibanwa kwenye freti ya 12, ambayo ni nusu ya urefu wake, yapasa utetemeke mara 220, yaani sauti ileile ngazi nane juu. Lakini kidole kinapoubana uzi huukaza kidogo, na sauti hupanda kupita kipimo. Ndiyo maana kila kilalio hurudishwa nyuma kwa skrubu, ili uzi uongezewe urefu wa kufidia ukali huo. Na kwa kawaida uzi mnene huhitaji kurudishwa zaidi kuliko mwembamba. Mwanafunzi yeyote wa fizikia aweza kulihakikisha jambo hili kwa masikio yake.

Katika gitaa letu la solo vilalio vitatu havisogei hata kwa koleo. Nyuzi zikipigwa wazi ni sahihi kabisa, lakini kwenye freti ya 12 zatoa sauti kali kuliko ipasavyo. Tulipima kwa simu ya mwalimu, kwani sisi wenyewe haturuhusiwi kuwa nazo.

Mafundi wa Marekani walihangaika na shida hii tangu mwanzo. Gitaa la Telecaster la mwanzoni mwa miaka ya 1950 lilikuwa na vilalio vitatu tu vya shaba kwa nyuzi sita, hivyo kila nyuzi mbili zilishirikiana kilalio kimoja na ilibidi zivumiliane. Mwaka 1954 kampuni hiyohiyo ya Fender ikatoa Stratocaster, ambalo kila uzi una kilalio chake. Magitaa yetu matatu yamefuata umbo la Stratocaster, ingawa hayakutoka kiwandani kwake.

Mpigaji anayeshika sauti za chini tu, karibu na kichwa cha gitaa, huenda asiione kasoro hii mwaka mzima. Muziki wetu wa dansi, walakini, haukujengwa hivyo. Tuzisikilize nyimbo za NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964, au za Morogoro Jazz ya marehemu Mbaraka Mwinshehe, au za Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978. Gitaa la solo hupanda juu shingoni, likaimba kwa nyuzi mbili pamoja. Rizimu hushikilia mwendo, solo la pili hujibu katikati, na besi hutembea chini. Hakuna gitaa linalomfunika mwenzake, kila moja lasikika. Basi solo likifika juu nalo ni kali, haliwi baya peke yake tu. Lagombana na rizimu, lagombana na besi, lagombana na pembe kama zipo, na watu ukumbini humlaumu kijana aliyelishika, wakisema hana sikio. Katika sherehe ya mahafali iliyopita niliyasikia maneno hayo, na kijana yule ni miongoni mwa wenye sikio jema kuliko sote.

Wako wauzaji wa vyombo wanaosema kwamba briji mpya italifanya gitaa liimbe kama lililonunuliwa kwa mamilioni. Hilo nalo nalikataa. Gitaa la umeme husikika kwa sababu nyuzi za chuma hutikisika juu ya sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, na kazi kubwa ya rangi ya sauti yafanywa na nyuzi, sumaku hizo na kipaza sauti. Bonge la Stratocaster za kwanza lilikuwa la chuma cha pua, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 likabadilishwa kuwa la kumiminwa katika kalibu. Wapenzi wa gitaa hawajaacha kubishana juu ya tofauti yake hadi leo. Huenda tofauti ipo. Lakini yataka spika tulivu kuisikia, na spika yetu huvuma kama nyuki hata kabla ya mtu kupiga. Nitakayo mimi ni mambo matatu tu: uzi ulale imara usiteleze, kilalio kisogee kinapotakiwa, na chuma kisiliwe na bahari.

Kwa hayo matatu napendekeza shaba ya manjano. Watu wa pwani waliijua kabla ya gitaa kuzaliwa. Milango ya Unguja na makasha ya kale hupigiliwa njumu za shaba, na siwa maarufu ya Lamu ni ya shaba vilevile. Shaba haishiki kutu nyekundu. Hufifia, ikaota weusi au ukijani, kisha husuguliwa kwa ndimu na majivu ikarudi kung'aa. Kilalio cha shaba si kitu cha ajabu. Ni kipande kilichokatwa kutoka katika ufito, kikatobolewa na kutiwa hesi kwa ajili ya skrubu mbili za kukiinua na kukishusha na moja ya kukivuta nyuma. Mafundi wa Gerezani wanaokereza vipuri vya magari hawatashindwa na kazi hiyo, wala wanafunzi wa VETA Chang'ombe. Skrubu zote ziwe za chuma kisichoshika kutu. Hapo tusibane senti.

Kabla ya kukata chochote sharti tupime, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Nafasi kati ya uzi na uzi katika briji za namna hii si moja: zile za mtindo wa zamani zakaribia milimita 11, na nyingi za magitaa ya bei nafuu ni milimita 10.5. Tofauti hiyo yaonekana haina maana, lakini mara tano yatosha kuupeleka uzi wa pembeni ukingoni mwa shingo.

Pendekezo langu la mwisho litawaudhi wachache. Briji zetu zina mkono wa kutikisa sauti, na chini yake zimeshikwa na springi. Kila mkono ule ukivutwa gitaa hutoka katika sauti, na uzi mmoja ukikatika mitano iliyobaki nayo hupotea. Katika muziki tunaoupiga sisi mkono ule hauna kazi. Tuuondoe, tukaze springi, na kati ya bonge la briji na mbao tutie kabari ngumu isiyonywea. Wachonga vinyago wa Mwenge, ambao si mbali nasi, hawakosi vipande vya mpingo wasivyovihitaji. Mpingo wetu husafirishwa Ulaya kwenda kufanywa klarineti na obo. Nadhani hautaona haya kuingia katika gitaa la shule ya serikali.

Najua mwalimu mmoja atasema kwamba wanafunzi wakiachiwa bisibisi watayamaliza hata haya yaliyobaki. Hofu hiyo ina haki yake. Basi tuanze na gitaa moja, lile la solo, chini ya mwalimu wa fizikia, Jumamosi mbili za mwanzo wa muhula ujao, na wazazi wasiombwe kitu mpaka walisikie. Vipimo vya gitaa hilo na vya rizimu tayari tunavyo, na yote mawili ni milimita 10.5. Gitaa la tatu halijapimwa, kwa kuwa skrubu mbili za briji yake zimegandana na kutu. Tangu Jumatatu zimelowekwa mafuta ya taa, na bado hazijalegea.