Mchele Mbovu na Dhamiri Safi

Nani kati yetu hajasimama mbele ya meza ya karani? Twaenda kuandikisha mtoto, kulipa kodi, au kuvusha mzigo mpakani. Karatasi zetu zimetimia. Lakini karani azigeuza, atazama dirishani, kisha asema: "Rudi kesho." Ndipo sisi wenyewe twatia mkono mfukoni na kutoa matabishi. Halafu twarudi nyumbani tukiilaumu Serikali.

Sheria hazikosekani. Tarehe 3 Oktoba 2002 nchi yetu iliweka kanuni za mwenendo wa kila mtumishi wa Serikali: asidai wala asipokee zawadi kwa kazi anayopaswa kuifanya, wala asitumie cheo chake kwa faida yake mwenyewe. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 99, yamwamuru Rais na mawaziri waandike mali yao kabla ya kuingia kazini na tena wanapotoka. Maneno hayo ni mazuri. Lakini sheria iliyo katika kabati haiwezi kumzuia mtu. Yahitaji mtumishi wa kuishika.

Mtumishi wa namna hiyo tulikuwa naye: Floribert Bwana Chui, mzaliwa wa Goma, mwaka 1981. Alisoma sheria, akaingia katika OCC, shirika la Serikali lenye kazi ya kukagua bidhaa. Kwake yeye kazi ilikuwa kupima vyakula vinavyovuka mpaka na kuvizuia vile vilivyoharibika. Wakaja watu na fedha, wakitaka apitishe mchele mbovu. Akakataa. Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa nyara. Siku mbili baadaye maiti yake ilionekana, yenye alama za mateso. Alikuwa na miaka 26.

Kwa nini hakupokea tu na kunyamaza? Katika jumuiya ya Sant'Egidio alikuwa amezoea kukaa na watoto wa barabarani na kuwafundisha. Basi alijua nani angekula mchele ule. Tajiri huchagua chakula chake. Maskini hununua cha bei ndogo. Saini moja katika ofisi ingeleta ugonjwa katika sufuria nyingi. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenyeheri na mfiadini.

Wengine hujitetea wakisema: mkono mtupu haulambwi. Twajibu: mkono wa mtumishi si mtupu, maana nchi imeahidi kuutilia mshahara. Kweli, mara nyingi mshahara huo ni mdogo na huchelewa, na watoto wanalia njaa. Hilo ni kosa la wakubwa, nao wapaswa kulitengeneza. Lakini anayelipa rushwa si wakubwa hao. Ni mjane aliyeuza mkungu wake wa ndizi ili apate karatasi.

Wala tusidhani yatosha kumsifu mfiadini. Nchi inayongoja kijana afe ndipo sheria ishikwe haijafanya wajibu wake. Mkubwa wa ofisi asimwache karani peke yake mbele ya watu wenye fedha na vitisho. Mzigo mkubwa ukaguliwe na watu wawili, si mmoja. Kila malipo yapate risiti, na bei zibandikwe mlangoni ili wote wasome. Anayetishwa awe na mahali pa kushitaki na kulindwa.

Nasi je? Ninyi wazazi, msimcheke mwana wenu aliye ofisini na bado hajajenga nyumba, mkimwita mjinga. Maneno hayo ya nyumbani yamewasukuma wengi kuiba. Nanyi wanafunzi, anayenunua pointi za mtihani leo, kesho atauza saini yake. Yule ampaye mwalimu fedha na yule ampaye karani fedha ni ndugu wa tumbo moja.

Basi, juma hili, tutakaposimama mbele ya meza ile, tudai risiti, tungoje kwa uvumilivu, na mkono wetu ubaki nje ya mfuko. Na yule anayeketi nyuma ya meza akumbuke kijana wa Goma, na watoto ambao hawakula mchele ule.