Mwenye kamera na aliyeshika kinasa sauti

Picha za njaa ya Korem, Ethiopia, zilizorushwa na BBC Oktoba 1984, zilipigwa na Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanzisha kampuni yake ya Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963. Hakuwa mtu wa kushuka na ndege leo na kuondoka kesho. Ukanda huu wa Afrika Mashariki aliujua; hata jela ya Zanzibar aliionja miaka ya 60, kisa kamera.

Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Amin akapoteza mkono wa kushoto. Fundi wake wa sauti, John Mathai, akapoteza maisha. Amin alirudi kazini na mkono wa bandia, mpaka alipofariki katika ndege iliyotekwa na kuanguka Komoro, Novemba 1996.

Wangapi wanamjua Mathai? Na bado wapo wapiga picha wetu wanaolipwa kwa kila habari, bila bima. Wakiumia, hupitishwa mchango kwenye kundi la WhatsApp. Vituo vya televisheni viwakatie bima kabla gari halijaondoka, fundi wa sauti na dereva wakiwemo.